Maji ya moto kuchelewa bafuni: pampu ya kuzungusha, valvu ya chini ya sinki au hita ndogo ya karibu?

Mama yangu hawezi kuona maji yakimwagika bure. Alipokuja kukaa nasi Arusha mwezi wa Juni, asubuhi ya kwanza tu alifungua bomba la moto la bafu la wageni, akaona maji yanatoka baridi na bado baridi, akalifunga, akaja jikoni kuchukua ndoo. Tangu siku hiyo kila aliyekwenda kuoga alikuta ndoo chini ya shawa. Maji ya mwanzo yakawa yanakingwa na kupelekwa kufulia. Ndoo ile ni ya lita 10, na kila alfajiri ilipita nusu, lita 6 na nusu hivi, kabla joto halijafika. Kwa saa ya simu ni dakika 1 na sekunde 20.

Nilidhani hita ndiyo mbovu. Haikuwa mbovu. Sola yetu iko juu ya paa la upande wa jikoni na maji yake yanafika nyuzi 55. Ila kutoka tangini hadi bafu la wageni kuna mita 20 za bomba la plastiki la PPR la milimita 25. Bomba hilo kwa ndani lina upana wa milimita 16.6, kwa hiyo kila mita inabeba lita 0.216. Zidisha kwa 20, unapata lita 4.3 za maji yaliyolala humo na kupoa usiku kucha. Hayo lazima yatoke kwanza. Kisha yale ya moto yanayofuata yananyang'anywa joto na ukuta wa bomba, nao ni mnene, ndiyo maana ndoo ya mama ilipata lita 6.5 na si 4.3.

Ndiyo kusema, kununua hita kubwa zaidi au kuipandisha moto hadi nyuzi 70 hakuondoi kusubiri. Kinachotusubirisha ni maji yaliyolala bombani. Ama uyaondoe kabla hujaingia bafuni bila kuyamwaga, ama ulete chanzo cha moto karibu na shawa, ama ulifanye bomba lenyewe libebe maji machache na lisipoe upesi. Njia nne ninazozilinganisha hapa zote zinatoka humo.

## Vigezo

Anza na ndoo, kabla ya fundi na kabla ya duka. Kinga maji ya kila bafu na sinki alfajiri, wakati bomba limepoa kabisa, na uandike lita na sekunde. Nyumba nyingi zina bafu moja tu lenye shida, na kulijua hilo kunaokoa fedha nyingi.

Kisha kila njia iulize mambo haya: utasubiri kiasi gani ukishaifunga? Italamba umeme wa Luku kiasi gani? Itabidi kuvunja ukuta au kubandua tailizi? Inakubaliana na maji na presha ya nyumba yako? Umeme ukikatika unabaki na nini, na matunzo yake yakoje? Hilo la presha naliweka kwa makusudi, kwa sababu maelezo mengi ya vifaa hivi yameandikwa kwa nyumba ambazo maji ya baridi na ya moto yanatoka kwenye bomba moja la mtaa. Sisi tuna simtanki juu ya mnara, wengine wana kisima, na wengine baridi inatoka bomba la mamlaka moja kwa moja huku moto unatoka tangini.

Kwa hesabu za umeme nimetumia bei ya mteja wa kawaida wa TANESCO, shilingi 292 kwa uniti, ambayo ukiongeza VAT na tozo inafika kama shilingi 356.

Tahadhari moja. Ukifika dukani ukasema unataka pampu ya maji ya moto, unaweza kupewa pampu ya kuongeza presha. Hiyo inasukuma maji yatoke kwa nguvu zaidi kwenye shawa. Maji baridi yatakwisha haraka kidogo, kweli, lakini lita zilezile zitamwagika. Pampu ya kuzungusha ni kitu kingine: ndogo, tulivu, wati 25 hadi 45 kwa kawaida, na kazi yake ni kuyatoa maji bombani na kuyarudisha yalikotoka. Angalia pia mwili wake. Wa shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu ndio wa maji ya kutumia nyumbani. Zile za chuma cha kalibu zimetengenezwa kwa mifumo ya kupasha vyumba, ambamo maji ni yaleyale mwaka mzima. Ukizifunga kwenye maji mapya ya kila siku zinashika kutu na maji yanabadilika rangi.

## Pampu yenye bomba lake la kurudisha

Hapa bomba la moto haliishii bafuni. Kutoka shawa ya mwisho linatolewa bomba jingine jembamba linalorudi hadi kwenye tangi, na pampu inayazungusha maji humo.

Kasi. Hakuna njia inayoipita kwa bafu nyingi. Pampu ikiwa inafanya kazi, maji ya moto yako sentimita chache kutoka kwenye koki, na sekunde tatu au nne zinatosha.

Luku. Hapa ndipo watu wanapoumia, na wengi wanaangalia mahali pasipo. Wanauliza pampu inakula wati ngapi. Pampu ya wati 25 ikiwaka siku nzima inakula uniti 0.6, haifiki shilingi 220. Kinachokula ni joto linalopotea njiani. Bomba la PPR la milimita 25 lisilovikwa kitu, lenye maji ya nyuzi 55 ndani na hewa ya nyuzi 20 nje, linapoteza kwa hesabu wati 20 hivi kila mita. Kwenda na kurudi ni mita 40. Hizo ni wati 800 zinazotoka saa zote 24, yaani uniti 19 kwa siku, kama shilingi 6,800. Kila siku! Ukilivika sponji ya unene wa milimita 13 hasara inashuka hadi wati 9 hivi kwa mita, na gharama ya siku nzima inakuwa kama shilingi 3,000. Ukiweka taima, pampu iwake kwa muda wa saa mbili alfajiri na muda kama huo jioni, na bomba limevikwa, unafika kwenye shilingi 500 na kidogo. Ukiweka kitufe, unabonyeza unapotoka kitandani na pampu inajizima maji ya moto yakifika, matumizi ya pampu yenyewe hayaonekani kwenye Luku.

Mwenye sola asijidanganye kwamba joto ni la bure. Tangi la lita 200 likizungushwa usiku kucha kwenye bomba lililovikwa vizuri linashuka nyuzi 15 au zaidi kufikia asubuhi. Bomba likiwa uchi, utaamka ukute vuguvugu tangini, halafu koili ya umeme ya akiba iwake. Kwa sola, taima au kitufe ni lazima.

Ufungaji. Nyumba inayojengwa, ni kazi ya siku moja zaidi na mita kadhaa za bomba la milimita 20. Nyumba iliyokwisha, ni kuvunja ukuta na kubandua tailizi, isipokuwa bomba linaweza kupita juu ya dari. Muulize fundi wako kama tangi lina mdomo wa kupokea maji yanayorudi. Kama halina, mara nyingi bomba la kurudi huunganishwa na njia ya maji baridi chini ya tangi, na hapo lazima iwekwe valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma. Bila valvu hiyo, ukifungua moto, baridi inaingia kwa mlango wa nyuma.

Maji na presha. Haisumbuliwi na tofauti ya presha, kwa kuwa inazunguka upande wa moto peke yake. Jambo moja la fizikia ambalo limeshaniletea ubishi na fundi: maji ya moto yanaweza kuzunguka yenyewe bila pampu, lakini pale tu hita inapokuwa chini na bafu juu, kwa sababu maji ya moto hupanda. Sola iko juu ya paa. Hapo hayatashuka yenyewe.

Umeme ukikatika unarudi kwenye kusubiri kama zamani, basi. Maji ya sola bado unayo. Matunzo ni kusafisha valvu na kuisikiliza pampu ikianza kukoroma.

Inamfaa anayejenga, mwenye bafu tatu au nne mbali na tangi, na nyumba ya wageni. Kwa nyumba ya wageni yenye mzunguko wa siku nzima, maji yatoke tangini nyuzi 60 na yarudi yasipungue 50, maana bakteria wa legionela hustawi kwenye maji ya uvuguvugu yanayokaa. Na kwa kuwa maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, bafu la watoto liwekewe valvu ya kuchanganya moto na baridi.

## Pampu na valvu ya baipasi chini ya sinki

Hii imebuniwa kwa ajili ya nyumba iliyokwisha kujengwa. Badala ya bomba jipya la kurudisha, chini ya sinki la mbali kabisa bomba la moto linaunganishwa na la baridi kwa valvu ndogo. Maji yaliyopoa kwenye bomba la moto yanasukumwa kupitia bomba la baridi kurudi tangini. Valvu ikihisi joto, kwa kawaida kati ya nyuzi 35 na 40, inajifunga. Ipo ambayo pampu inakaa kwenye hita na valvu peke yake inakaa bafuni, na ipo ambayo vyote viwili vinakaa chini ya sinki pamoja na kitufe.

Kasi. Ya taima inakupa uvuguvugu papo hapo na moto kamili baada ya muda mfupi. Ya kitufe haifuti kusubiri. Unabonyeza, unapiga mswaki, dakika moja baadaye moto umefika. Tofauti ni kwamba hujamwaga kitu.

Luku. Kwa kitufe ni senti. Nyumba yenye bomba letu, ikifungua maji mara sita kwa siku bomba likiwa limepoa, inamwaga lita 39, na kwa mwezi inazidi lita 1,000, uniti nzima ya maji. Hizo ndizo zinazookolewa. Lakini joto linalobaki bombani baada ya kuoga linapotea vilevile kama zamani, kama robo uniti ya umeme kila mara kwa umbali wetu. Muuzaji anayekuambia pampu itapunguza sana bili ya umeme anazidisha.

Ufungaji. Kazi ya muda wa saa mbili au tatu, hakuna kinachovunjwa. Linalohitajika ni soketi chini ya sinki, na hapo sitaki mtu apuuze: soketi iwe na ethi ya kweli (waya wa kupeleka umeme ardhini), na kwenye boksi pawe na breka inayokata umeme mara unapovuja. Maji na umeme viko kabati moja.

Maji na presha. Sikiliza hapa kwa makini. Valvu hii inataka presha ya moto na ya baridi zilingane. Kama vyote vinatoka simtanki moja, sawa. Kama baridi inatoka bomba la mamlaka moja kwa moja na moto unashuka kwa uzito wake tu kutoka tanki la juu, baridi yenye nguvu inaweza kupenya kwenye bomba la moto, na utakuwa umelipa ili maji yako ya moto yapoe. Jaribio ni rahisi. Fungua baridi peke yake, kisha moto peke yake, kwenye koki moja. Kama moja inatoka kwa kishindo na nyingine inachuruzika, usiifunge hii mpaka vyote vitoke chanzo kimoja.

Na bomba la baridi la sinki hilo litakuwa na uvuguvugu kwa muda baada ya pampu kuzima. Kwa Arusha wa Juni hakuna atakayelalamika. Kwa mtu anayekinga maji ya kunywa au kuchemsha palepale, achague sinki jingine.

Umeme ukikatika ni kama ile ya kwanza. Matunzo: maji yenye mchanga au chumvi hukwamisha valvu, nayo ikikwama wazi utaona moto unatoka dhaifu siku zote.

Inamfaa mwenye nyumba iliyokwisha pigwa tailizi, mwenye bafu moja la mbali, na maji yote kutoka tanki moja. Sisi tuliangukia hapa, ya kitufe, kwa sababu nisingekubali kuvunja ukuta wa korido kwa ajili ya bafu moja.

## Hita ndogo karibu na shawa

Hapa unaacha kupigana na bomba, unaleta moto bafuni. Kuna aina mbili ambazo watu huzichanganya: shawa ya umeme inayopasha maji yanapopita, na tangi dogo la ukutani la lita 15 au 30.

Kasi. Shawa ya umeme inatoa joto ndani ya sekunde. Lakini nguvu yake ina mpaka. Ya wati 5,500 inapandisha maji nyuzi 26 ikiwa yanapita lita 3 kwa dakika. Ukifungua yapite lita 5, inapandisha nyuzi 16 tu. Maji ya alfajiri ya nyuzi 18 yatakuwa 44 kwa mkondo mwembamba au 34 kwa mkondo wa kuridhisha. Watu wa Njombe na Makete, kwenye baridi kali, wanalijua hili kuliko mimi. Tangi dogo linatoa mkondo mzuri, ila kwa kipimo: lita 15 za nyuzi 60 ukizichanganya na baridi zinakupa lita 28 hivi za kuoga, dakika tano. Lita 30 ndiyo kiwango cha mtu mzima asiyeharakishwa. Hita ya lita 15 na wati 2,000 inachukua kama dakika 22 kupata moto upya.

Luku. Kuoga dakika 10 kwa shawa ya wati 5,500 ni uniti 0.9, shilingi 330 hivi. Hakuna joto linalopotea njiani, na hili ni jambo zuri ambalo pampu haziwezi kulidai. Kwa bafu linalotumika mara chache hakuna kinachoishinda. Kwa familia ya watu sita yenye sola tayari juu ya paa, ni kulipia kila siku joto ambalo jua limeshalitoa.

Ufungaji. Wati 5,500 ni ampea 24. Zinataka waya wake wenyewe kutoka boksi, milimita 6 za mraba ndizo ninazozipendekeza, breka yake na ethi iliyopimwa. Kuichomekea kwenye waya wa taa ni kuweka uhai wa watu rehani. Tangi dogo ni jepesi zaidi kwa waya, lakini ukuta lazima ubebe uzito wa maji.

Maji na presha. Maji ya chumvi ya visima, kama wanavyoyajua watu wa Dodoma na pwani ya Dar es Salaam, hula koili na kuacha ukoko mweupe. Zipo shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi. Uliza kabla ya kulipa. Presha ndogo mno nayo huzuia shawa isiwake.

Umeme ukikatika shawa inakuacha na baridi papo hapo, ukiwa na sabuni machoni. Tangi dogo linakubakizia maji yaliyokwisha pashwa.

Inamfaa chumba cha wageni, banda la uani, mpangaji wa chumba kimoja, ofisi yenye sinki moja.

## Kulivika bomba na kulifupisha

Njia hii haina kifaa cha kuonyesha wageni, labda ndiyo maana inasahauliwa.

Kasi. Haisaidii mwoga wa kwanza wa alfajiri. Inawasaidia wanaofuata. Bomba uchi lenye maji ya nyuzi 55 linashuka hadi 40 ndani ya dakika 20 hivi. Lililovikwa sponji linachukua karibu dakika 50. Familia inayooga kwa kupokezana inasikia tofauti hiyo.

Luku. Haili kitu, inapunguza tu. Ufungaji ni rahisi darini na nje ya ukuta. Bomba lililozikwa kwenye zege halivikiki tena. Sehemu inayopita juani ifunikwe, maana jua huila sponji. Kwa anayejenga kuna faida kubwa zaidi: bomba la milimita 20 linabeba lita 0.137 kwa mita, la 25 linabeba 0.216, na la 32 linabeba 0.353. Fundi anayeweka 32 hadi kwenye shawa "ili maji yawe mengi" amekuongezea kusubiri zaidi ya mara mbili na nusu kuliko la 20. Ila kwa simtanki fupi la presha ndogo, la 20 kwenye umbali mrefu litatoa maji dhaifu. Hapo 25 ni ya haki. Presha basi ndiyo inayoamua upana. Umeme ukikatika hakuna kilichobadilika, na matunzo ni kuangalia panya darini.

Inamfaa kila mwenye bomba linalofikika, na ni lazima kwa yeyote anayefunga mzunguko wa siku nzima.

## Kwa hali yako

Kama bado unajenga, weka bafu, jiko na tangi upande mmoja wa nyumba, vika bomba kabla ya plasta, na uzike bomba la kurudisha hata kama huna fedha ya pampu leo. Mdomo wake uzibwe na usubiri.

Kama nyumba imekwisha, maji yote yanatoka simtanki moja na ndoo ya bafu la mbali inapita lita 5, anza na baipasi ya kitufe. Presha za moto na baridi zikiwa hazilingani, chagua hita ndogo au bomba la kurudisha kupitia darini.

Kama kuna mzee au mtoto mchanga ndani na bafu ni moja, tangi dogo la lita 30 la karibu ni tulivu kuliko kitufe cha kukumbuka. Lakini weka valvu ya kuchanganya. Mzee anayeamka usiku asisimame kwenye baridi akisubiri.

Kama wewe ni mpangaji, usifunge kitu kwenye bomba la mwenye nyumba bila ruhusa yake. Shawa ya umeme unaweza kuondoka nayo, waya utauacha.

Kama umeme wenu hukatika mara kwa mara na mna sola, fedha ya kwanza iende kwenye sponji.

Na kama ndoo yako imekinga lita 2 tu, sekunde 25, usinunue chochote. Ndoo hiyohiyo inatosha, na maji yake yanadekia korido.